Kijana wetu alilala kasho (selo ya polisi) siku nne, tukalipa ndipo akatoka. Tushitaki wapi?

Yaya, yambo sana.

Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, nauza makala na unga mbele ya nyumba. Nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu tangu akiwa anatambaa. Leo ana miaka 22, anatengeneza simu kwenye meza yake ndogo karibu na soko. Hanywi, haibi. Anachelewa kurudi kwa sababu wateja wake wengi wanapitia kwake wakitoka kazini.

Mwezi uliopita, Alhamisi moja mnamo saa mbili na nusu usiku, polisi wa doria walimkuta njiani na begi lake la kazi. Siku hizo walikuwa kwenye ile misako wanayoita bouclage. Wakaomba kadi ya mpiga kura, akatoa. Wakafungua begi, wakakuta simu nne. "Hizi umeiba wapi?" Akawaeleza ni za wateja, kila moja ina kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Hawakusoma. Wakampakia kwenye jeep.

Nilipata habari asubuhi kwa kijana wa jirani aliyekuwa ndani naye na kuachiwa alfajiri. Nikakimbia na mkate na chai. Mlinzi akakataa nisimwone, lakini mkate akaupokea. Nikaulizia OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi: hayupo. Jumamosi hayupo. Jumapili ndipo nikamwona mtoto kupitia kitundu cha mlango. Jicho limevimba, ameshika ubavu. Akaninong'oneza kwamba wamempiga na kordeleti (kamba), na mmoja akamgonga na kitako cha bunduki, wakitaka akubali kwamba simu ni za wizi.

Jumatatu yule OPJ akaonekana. Akaniambia hivi: "Mama, leta makuta mutoto atoke. Unapiga makelele ya nini?" Akataka franka 200,000. Nikakusanya mtaji wa makala pamoja na hela ya likelemba, mchango wetu wa zamu, tukabishana, akakubali 150,000. Hakunipa hata kikaratasi. Mtoto akatoka, begi likatoka na simu mbili. Mbili nyingine hadi leo hatujaziona, na wenyewe wanakuja kunidai kila asubuhi kabla sijafungua biashara.

Shemeji yangu anasema niache, polisi hawashitakiwi. Jirani yetu aliyewahi kuishi Nairobi anasema kule kuna ofisi ya raia inayochunguza polisi, unapeleka malalamiko yako na wao wanafuatilia. Je, Lubumbashi tuna ofisi kama hiyo? Na mimi niliyetoa pesa, si watanishika kwa kuhonga? Tena bibi ya komanda wa pale tuko naye kwenye likelemba moja. Naogopa watarudi kumchukua mtoto. Lakini Yaya, silali. Nataka wale watu waadhibiwe, na simu za watu zirudi.

Mama wa Katuba

*

Mama, pole sana, wewe na kijana.

Nianze na pesa, kwa sababu naona ndiyo inayokufunga mdomo. Sheria yetu ya jinai hapa Kongo ina kosa la mtumishi wa Leta (serikali) anayedai au kupokea kitu akijua kabisa hakidaiwi. Kwa Kifaransa ni concussion, na kesi za namna hiyo zimejaa. Katika kosa hilo anayetafutwa ni aliyedai. Aliyelipishwa ndiye aliyedhulumiwa. Kuhonga ni pale unapomfuata afisa umnunue akufanyie jambo. Wewe uliambiwa mtoto hatoki mpaka ulipe, na mtoto alikuwa amevimba jicho. Kwa hiyo iandike hiyo pesa, yote, na maneno aliyoyasema kama yalivyotoka kinywani mwake. Ukiificha, wao ndio watakaoitaja wa kwanza, na watasema mama alikuja mwenyewe na bahasha. Kutoka kasho hakulipiwi, Mama. Kama ni faini halali au dhamana iliyowekwa na mahakimu, inaingia kwenye hazina ya Leta na unapewa risiti.

Sasa ujue hasa unacholalamikia, maana barua nyingi zinakufa kwa kusema tu "polisi walimtesa mtoto wangu". Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake au mwanasheria wake. Kinasema pia polisi hawawezi kumshikilia zaidi ya masaa 48. Yakiisha, aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kijana alishikwa Alhamisi saa mbili na nusu usiku. Jumamosi saa mbili na nusu usiku, muda wao ulikuwa umekwisha. "OPJ hayupo" si sababu, na Jumapili nayo ni siku. Mwingine anayesoma hapa na mtu wake bado yuko ndani leo asingoje kuandika barua ndefu: aende parketi (ofisi ya mwendesha mashitaka), kwa sababu OPJ katika kazi yake ya upelelezi yuko chini ya mwendesha mashitaka, na parketi ina haki ya kuingia kwenye kasho hizo na kumtoa mtu anayeshikiliwa kinyume cha sheria.

Kipigo chenyewe ndicho kizito kuliko yote. Tangu sheria ya tarehe 9 Julai 2011, mtumishi wa Leta anayemtia mtu maumivu makali kwa makusudi ili akiri jambo anafanya kosa la utesaji, na adhabu yake inaanzia miaka mitano gerezani. Wenyewe wataita "kumchapa kidogo". Wewe usitumie maneno yao. Andika alipigwa na nini, wapi mwilini, na walikuwa wanamtaka aseme nini.

Jirani yako wa Nairobi hakukudanganya. Kenya wana IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, kazi yake moja tu ni kuwachunguza polisi, na haiko ndani ya jeshi la polisi. Sisi hatuna kitu kama hicho, na nadhani ni aibu. Tulicho nacho ni milango mitatu isiyofanana, na watu wanazunguka mwaka mzima kwa kugonga mmoja wakitarajia kilicho nyuma ya mwingine.

Upo Ukaguzi Mkuu wa Polisi, Inspection Générale. Umewekwa na sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 na uko chini ya waziri wa Mambo ya Ndani. Unaweza kuchunguza na kupendekeza nidhamu. Lakini ni polisi kuwachunguza polisi, kwa hiyo mimi ningewapelekea nakala tu, nisiwape kesi yangu yote.

Ipo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, ya sheria ya tarehe 21 Machi 2013. Hiyo ndiyo ya karibu zaidi na unachokitafuta: haiko chini ya waziri wala chini ya polisi, ina ofisi hapa Lubumbashi, inapokea malalamiko ya raia, ina haki ya kutembelea magereza na kasho, na sheria yake inaitaka imwongoze mwathirika na kumsaidia afike mahakamani. Haina pingu. Haiwezi kumfunga mtu wala kukurudishia franka zako. Inachunguza, inaandika, inapendekeza, inapeleka kwa wenye nguvu.

Mwenye nguvu ni oditora militeri, ofisi ya mwendesha mashitaka wa kijeshi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kifungu cha 156 cha Katiba, makosa ya polisi yanahukumiwa na mahakama za kijeshi, sawa na ya wanajeshi. Ukipeleka shitaka dhidi ya polisi kwenye parketi ya kawaida, utaelekezwa kwingine, na wakati huo ushahidi unazidi kupotea. Oditora ya garnison, ile ya ngazi ya chini, inawashughulikia walio chini ya cheo cha meja. Kuanzia meja hadi kanali ni Korti ya Kijeshi na oditora yake ya juu. Usiumize kichwa na vyeo. Andikia ile ya garnison, wao wanajua kupeleka faili linakostahili.

Kabla ya barua, kijana aende hospitali. Najua alama za kordeleti zimeanza kufifia, lakini ubavu unaouma unaweza kuonyesha kitu kwenye radio (eksirei). Sendwe au kituo chenu cha afya, popote penye daktari atakayesaini cheti. Amweleze daktari tarehe na jinsi alivyoumizwa, na daktari aandike alichokiona. Kama una picha yoyote ya siku aliyotoka, hata ile iliyopigwa na jirani kwa simu mbovu, usiifute na usiipeleke kwenye makundi ya WhatsApp. Hasa usisambaze sura ya afisa. Tangu mwaka 2023 tuna sheria ya mambo ya dijitali, na sitaki ugeuzwe mshitakiwa kabla hujawa mlalamikaji.

Kisha mashahidi. Yule kijana wa jirani aliyeachiwa alfajiri alikuwa ndani, alimwona anaingia. Na wale wanaokudai kila asubuhi, Mama, wageuze. Hizo simu mbili ni mali yao, zilichukuliwa na polisi bila karatasi ya kukamata mali. Kama bado wana boksi la simu, namba ya IMEI, utambulisho wa simu, iko ubavuni mwa boksi. Wakitia sahihi kwenye ukurasa wa mwisho wa barua pamoja na namba hizo, hadithi ya simu za wizi imekufa, na kelele zao zinahamia zinakostahili. Waite jioni, uwape kiti, uwaeleze. Anayekataa, basi, lakini mmoja atakubali.

Halafu kuna daftari. Kila kasho linatakiwa kuwa na daftari la walioingia, siku na saa. Huwezi kulidai wewe, oditora inaweza. Ndiyo maana usiendelee kungoja: daftari linaisha, linapotea, linalowa mvua.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Tarehe na saa kwa mfuatano, Alhamisi mpaka Jumatatu. Uliyoyaona wewe uyaseme kama yako. Aliyokusimulia kijana uandike "aliniambia". Mtu akishitaki kwa uongo makusudi anaweza kugeuziwa kesi, kwa hiyo usimtaje komanda kwamba aliamuru kama hukumsikia akiamuru. Usipolijua jina la OPJ, si tatizo: andika sura, urefu, cheo walichokuwa wanamwita, zamu aliyokuwa nayo.

Iandikwe kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, lakini usimpe mwandishi wa barua wa mjini akutungie. Baro (chama cha mawakili) ya Haut-Katanga, kama baro zote nchini, ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Uliza kwenye palais de justice (jengo la mahakama). Mashirika ya haki za binadamu kama ASADHO na Justicia nayo yamezoea barua za namna hii.

Juu ya barua ni jina la oditora. Chini, nakala kwa CNDH, kwa Ukaguzi Mkuu na kwa komisaa wa polisi wa mkoa. Toa fotokopi mwenyewe, moja zaidi ya hizo, na hiyo moja ndiyo mali yako. Ukifika sekretarieti, unatoa mbili: moja inabaki, ya pili wanapiga muhuri wa kupokea, tarehe, sahihi, wanakurudishia. Akikwambia "acha tu mama, mkubwa hayupo", usiache. Kaa kwenye benchi au urudi kesho. Barua isiyo na muhuri haijawahi kufika. Kupokea malalamiko hakuna bei. Akiomba hela ya karatasi, mwambie karatasi umeleta.

Mimi ningeanza na CNDH asubuhi, niwasimulie, niwaachie nakala, na niwaombe waniandikie au wanisindikize. Kisha niende oditora siku hiyo hiyo, na muhuri wa CNDH tayari uonekane. Polisi anaogopa zaidi faili ambalo watu wengine wanalo.

Oditora itawaita kuhojiwa. Jibuni kwa Kiswahili bila haya, ni lugha ya taifa. Karani ataandika PV (maelezo ya mahojiano) kwa Kifaransa. Kabla ya kusaini, asomewe tena kijana kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kama wameandika "alisukumwa" mahali aliposema "alipigwa", warekebishe kwanza. Karatasi hiyo ndiyo hakimu atakayoisoma, na chini yake pataandikwa kwamba umeshikilia maneno yako.

Nisikupe matumaini ya bure. Inachukua muda. Mara nyingi wakubwa wao wanamhamisha mtu, wanakwambia mambo yamekwisha. Kuhamishwa si adhabu, na usikubali kufuta shitaka kwa ajili hiyo. Zaidi ya hapo, mtu atakuja nyumbani na zile simu mbili na karatasi ya kusaini. Simu zipokee, ni za watu. Saini kwamba umepokea simu mbili, rangi na aina, tarehe. Kama karatasi inasema kwamba hakuna aliyepigwa na hakuna pesa iliyotolewa, usisaini, hata akija na mchungaji wenu. Na kesi ikifika mahakama ya kijeshi, kijana anaweza kudai fidia humo humo, pamoja na ile 150,000, bila kufungua kesi nyingine.

Shemeji yako si mwoga wa bure. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ameandikia mamlaka, na kinataka mamlaka ijibu katika miezi mitatu, lakini Katiba haitembei na kijana usiku. Kwa hiyo afunge meza mapema kwa sasa, asibebe simu za wateja baada ya giza, na kama mna ndugu Kampemba au Ruashi, alale huko majuma ya mwanzo. Mtu akimtishia, andika siku, saa na maneno, upeleke CNDH kesho yake asubuhi, usingoje la pili.

Bibi ya komanda, endelea kutoa zamu yako ya likelemba kama kawaida na usimwambie lolote. Hajakukosea. Akikuuliza, jambo liko kwa wanaohusika.

Limebaki moja, Mama. Barua yako kwangu nimeisoma yote: wewe unataka, shemeji anakataa, jirani anashauri, na sikuona mahali popote kijana mwenyewe anasema anataka nini. Ana miaka 22. Ndiye aliyepigwa, ndiye atakayesimama mbele ya oditora na kuulizwa maswali ya aibu, na barua itatoka kwa jina lake, wewe ukiwa shahidi wa pesa na wa ulichokiona mlangoni. Muulize leo usiku, mkiwa wawili tu. Akisema bado hayuko tayari, mpeleke hata hivyo hospitali, cheti mkiweke pamoja na vikaratasi vya wateja, na barua ya kudai simu mbili wenye simu wanaweza kuiandika wao wenyewe.

Yaya